Sura ya Nne: Fundi, Anzia Chini

Mkoani Singida pesa ya alizeti na msimu wa ujenzi huja pamoja. Mbegu huingia ardhini mvua za Desemba zikishashika, vichwa huanza kukatwa Mei, na kufikia Julai wanunuzi wamepita, magunia yametoka, udongo umekauka na mafundi wanatafutwa kwa simu. Kuanzia hapo mpaka Oktoba, ukipita Ikungi, Iguguno au Ndago, au ukishika njia ya Ilongero, utakuta marundo ya tofali za kuchoma kando ya nyumba, mchanga ulioshushwa na trekta, na bati mpya zinazopiga macho kutoka mbali.

Tazama pesa hiyo inakotangulia. Inaanza juu: bati, tena siku hizi la rangi. Kisha inakwenda mbele: lipu ya ukuta unaotazama barabara, grili za madirisha zenye maua, fisha bodi iliyonyooka. Ndani hubaki vumbi. Mama akiuliza, fundi na baba wana jibu moja: "Sakafu tutamwaga mwakani." Mwakani huja na ada, na mbegu, na msiba wa ukoo, na mwaka unaofuata mtoto aliyekuwa akitambaa anakwenda chekechea.

Hoja ya sura hii ni fupi. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano irekebishwe kuanzia chini kwenda juu. Mtoto wa miezi minane haoni bati. Dunia yake ni sakafu na sentimita 60 za kwanza za ukuta, na kila kilichomo humo atakishika, atakivuta, na mwisho atakitia mdomoni. Wakubwa huaga asubuhi kwenda shambani, mnadani au kazini; yeye hushinda humo. Hakuna anayeitumia nyumba kuliko yeye, na hakuna anayemuuliza.

Wazee wa Kinyaturu na Kinyiramba waliishi katika nyumba ya aina nyingine. Tembe lilikuwa na kuta za miti iliyokandikwa udongo, paa bapa la magogo, fito na udongo, na kimo cha chini ili upepo upite juu yake. Upepo wenyewe si wa mchezo. Wenye mitaji ya umeme wa upepo wameutolea macho Singida kwa miaka mingi. Mchana tembe lilikuwa na ubaridi, usiku lilitunza joto, na hilo si jambo dogo Juni na Julai kwenye nyanda zilizo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu kwenye vijiji vya kupanga, na taratibu bati likachukua nafasi ya udongo. Bati halivuji na halihitaji kurudishiwa udongo kila masika, lakini bila dari ni tanuri saa nane mchana na ni barafu saa kumi usiku. Tumepata paa la kisasa tukapoteza blanketi. Kwa hiyo ukiona mtoto mchanga anakohoa Julai nzima, fikiria dari kabla ya kufikiria sofa. Hata dari la viroba vya sandarusi, likipigwa vizuri kwenye papi, linasaidia, ilimradi koroboi na mishumaa viwe mbali nalo kabisa.

Ila tembe nalo lilikuwa na wakazi wasiolipa kodi. Katika nyufa za sakafu na kuta zake za udongo waliishi papasi, kupe laini wanaojificha mchana na kutoka usiku kunyonya damu kwa dakika chache, kisha kurudi ufani. Homa yao, ile inayopanda, inashuka, halafu inarudi baada ya siku kadhaa, imefahamika Tanzania ya kati kwa miaka mingi, na wanaoumizwa nayo zaidi ni wajawazito na watoto wadogo. Papasi hawakuondoka na tembe. Nyumba ya tofali na bati ikiwa na sakafu ya udongo uliopasuka imewawekea akiba ya makazi. Vivyo hivyo funza, aliyevuka bahari kutoka Brazil mwaka 1872, akashuka Angola, na ndani ya miaka isiyozidi thelathini akawa amefika Afrika Mashariki. Yai la funza huhitaji vumbi kavu lenye kivuli, na kitanda kilichowekwa juu ya sakafu ya udongo kinalitunza vumbi hilo vizuri mno. Ongeza minyoo, mkojo wa mtoto unaofyonzwa na ardhi badala ya kufutwa, na mavi ya kuku, nao tutawafikia.

Bibi zetu hawakuwa wazembe. Walisiriba sakafu kwa udongo na samadi ya ng'ombe, wakairudia mara kwa mara, na vumbi likatulia na nyufa zikafungwa. Siri ya sakafu ile ilikuwa kurudia. Siku hizi samadi inauzwa au inakwenda shambani, mama yuko mnadani, na sakafu inarudiwa mgeni akitarajiwa. Isitoshe, bakteria wa pepopunda huishi kwenye udongo na samadi, kwa hiyo chumba atakamolala kichanga ambaye kitovu hakijadondoka kisisiribwe samadi hata kama mkwe anashangaa.

Kuna ushahidi mzuri wa kile zege linachofanya, nao unatoka mbali. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila nchini Mexico lilianza kuzimwagia zege nyumba za maskini zilizokuwa na sakafu ya udongo, katika mpango ulioitwa Piso Firme. Baadaye wachumi walilinganisha familia za mji wa Torreón, ulio Coahuila, na familia za miji inayopakana nao lakini iliyo katika jimbo jingine ambalo halikuwa na mpango huo. Hali ya hewa ni ileile na kipato kinakaribiana, kilichotofautiana ni sakafu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalikadiria kwamba kuondoa kabisa udongo sakafuni kulipunguza maambukizi ya minyoo na vimelea vingine kwa watoto wadogo kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Watoto walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili na lugha. Kitu kimoja zaidi walichokipima hupitwa haraka na wanaosimulia utafiti huo: mama zao walikuwa na msongo mdogo wa mawazo na furaha zaidi na maisha yao. Mtu aliyewahi kufagia udongo juu ya udongo kila asubuhi hashangai.

Sasa hesabu, maana fundi atakutajia mifuko ya simenti kwa kukadiria kwa jicho. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12. Ukishindilia moramu vizuri kwanza, jamvi la sentimita 5 linatosha chumba cha kulala, yaani mita za ujazo 0.6 za zege. Kwa uwiano wa ndoo moja ya simenti, tatu za mchanga na sita za kokoto, hapo mifuko mitatu inatosha. Umaliziaji wa juu wa sentimita 2, ndoo moja ya simenti kwa nne za mchanga, unakula karibu mifuko miwili. Jumla mitano ya kilo 50. Mchanga na kokoto Singida si tatizo. Mkoa huu umejaa miamba, na kokoto zinapondwa karibu kila wilaya. Ni chumba kimoja tu, lakini ni kile ambacho mtoto analala na kutambaa. Sebule ingoje.

Zege la Singida huharibika siku ya pili, si siku ya kumwagwa. Upepo mkavu wa Agosti hulinyonya maji kabla simenti haijashika, na mwezi mmoja haupiti utaona nyufa na unga unaotoka ukifagia, na mtoto atakuwa amerudi kwenye vumbi, tena la simenti. Lifunike kwa magunia au mchanga na kulilowesha asubuhi na jioni kwa siku saba. Maji ni ya shida kiangazi, najua, na hapo ndipo mafundi wengi hukata kona. Weka madumu ya maji hayo kwenye bajeti kama unavyoweka misumari. Na mwambie fundi aache mteremko kidogo kuelekea mlangoni, ili sakafu ioshwe na maji yatoke.

Asiye na mifuko mitano hajafungiwa njia. Nchini Rwanda shirika la EarthEnable limejenga maelfu ya sakafu za udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, changarawe, kisha mchanga na mfinyanzi, halafu kupakwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo yakikauka huwa gamba gumu linalooshwa. Katika mkoa wa alizeti swali linakuja lenyewe: je, mafuta yetu hayafai? Jibu ni kwamba mafuta ya alizeti hukauka polepole na nusunusu. Hubaki yakinata kwa muda mrefu kuliko ya kitani, na sakafu inayonata itakusanya kila uchafu. Kabla hujamwaga dumu la mafuta ya kula chini, jaribu kipande kidogo nje uone. Cha chini kabisa ambacho kila nyumba inakiweza ni kona moja ya mtoto: udongo ulioshindiliwa na kusawazishwa, juu yake mkeka wa plastiki unaooshwa kila siku na kuanikwa juani pande zote mbili.

Sasa kuku. Singida bila kuku haipo. Wenye mabasi na malori wanawajua, na walaji wa Dar es Salaam wanawajua zaidi. Na kuku wengi wa kienyeji mkoani humu hulala ndani na watu. Wageni wa maendeleo huona uchafu, wenyeji wanaona benki. Nje kuna mwizi, kuna kicheche, na kuna baridi ya Juni. Kuku mmoja ni daftari za mtoto wa darasa la pili. Nani ataziacha daftari nje usiku?

Wataalamu wa lishe wana hofu yao. Mtoto anayetambaa anaokota mavi ya kuku, bakteria wanaingia tumboni, utumbo unavimba taratibu bila hata kuhara, na chakula anachokula hakimrefushi. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba kuwa na kuku kunaendana na watoto warefu zaidi, pengine kwa mayai na kipato, ila faida hiyo hupungua kuku wakilazwa ndani. Hapo semina nyingi zikapata kauli: toa kuku nje.

Lakini wilayani Manyoni, hapahapa Singida, watafiti wa Australia na Tanzania waliwafuatilia watoto wadogo wa vijijini kwa miaka kadhaa, wakahesabu kuku, wakauliza wanalala wapi, wakapima urefu. Walichochapisha mwaka 2018 hakikufuata semina. Kaya zenye kuku zilikuwa na watoto warefu zaidi kwa umri wao, na mahali kuku walipolala, ndani au nje, hapakubadilisha hilo. Naipenda habari hii kwa sababu inamwondolea mama wa Manyoni lawama ambayo hakustahili kubebeshwa. Haisemi mavi ya kuku ni salama. Inasema kuku wenyewe ni lishe na pesa, na anayewafukuza kwa pupa, wakaibwa wote wiki ya kwanza, amemdhuru mtoto kuliko bakteria.

Kwa hiyo jenga banda, ila lijenge kama mtu anayemwogopa mwizi. Liegemee ukuta wa chumba wanacholala wakubwa, ili kuku wakishtuka msikie. Liinuliwe mita moja kutoka ardhini kwa nguzo, sakafu yake iwe fito zenye nafasi ndogo ili mavi yadondoke chini yakakusanywe kwa ajili ya bustani, na mlango wake ufungwe kwa kufuli kama wa nyumba. Kuna faida ambayo wengi hawaihesabu: kuku waliolala pamoja bandani hukamatika alfajiri bila mbio, na chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, inawezekana. Kideri kikipita bila chanjo kinaondoka na benki yote.

Mchana mambo hugeuka. Huwezi kumfungia kuku wa kienyeji na bado akajitafutia chakula, basi mzungushie uzio mtoto. Mita mbili kwa mbili za fito laini zisizo na miiba, kivuli juu, mkeka chini, na mahali ambapo mama anayechambua mboga anamwona. Usitarajie miujiza: Zimbabwe, katika mradi mkubwa wa SHINE, familia zilipewa vyoo, sabuni, dawa ya maji na hata uzio wa kuchezea, na watoto hawakurefuka zaidi, waliopewa lishe ya nyongeza ndio walioongezeka kidogo. Uzio unamlinda mtoto na mavi, na ng'ombe anayepita, na moto. Yai lake ni lazima bado apewe.

Jambo la tatu ni maji, na hapa Singida ina hadithi yake. Chini ya mkoa huu kuna miamba ya itale, na maji yanayokaa ndani yake miaka mingi huyeyusha floridi. Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye visima vya floridi nyingi, pamoja na Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine, kabla ya kushusha kiwango. Alama yake unaiona kwenye meno ya kahawia yenye madoa, ambayo mwalimu asiyejua humwambia mtoto akayapige mswaki vizuri zaidi. Mswaki hauwezi. Rangi hiyo iliingia jino likiwa bado ndani ya ufizi, na floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hupinda.

Kinachowagusa wasomaji wa kitabu hiki ni umri. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi. Mtu mzima akihamia kijiji chenye floridi, meno yake hayatabadilika; mwanawe wa mwaka mmoja ndiye atakayebeba madoa maisha yake yote. Kuchemsha hakusaidii: kunaua vijidudu, lakini maji yakipungua sufuriani floridi inabaki na inakolea. Magadi ya kulainishia maharage na mlenda huongeza floridi nyingine. Mkaa wa mifupa unaiondoa, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, ila kwa nyumba moja ya Mkalama hiyo bado si njia rahisi.

Njia rahisi iko juu ya kichwa. Maji ya mvua hayana floridi ya kuhesabika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 600, ambayo ni ya mwaka wa kawaida huku, inakupa lita 28,800, na hata moja ya tano ikipotea kwa kumwagika na kukauka, zinabaki 23,000. Watu wakisikia namba hiyo hukata tamaa kwa bei ya tanki. Wasikate. Huhitaji kuhifadhi maji ya kufulia wala ya ng'ombe. Hesabu ya kunywa na kupikia uji wa watoto wadogo ni kama lita 10 kwa siku. Kutoka Mei hadi Novemba ni siku 210 hivi, yaani lita 2,100. Simtanki moja la lita 2,000, likijazwa na mvua za mwisho za Aprili na kufungiwa koki ambayo ni mama tu anaigusa, linakaribia kuwavusha watoto kiangazi chote. Kaya nyingi zingeweza kulilipia kwa tofauti ya bei kati ya bati la kawaida na bati la rangi.

Gata iwe na mteremko, na mdomo wa tanki uwe na wavu ili mbu wasitage humo. Mvua mbili za kwanza zimwagwe nje. Zimeosha bati mavumbi ya miezi saba na mavi ya ndege. Maji ya kunywa mtoto bado yachemshwe au yatiwe dawa. Na kabla ya yote, nenda ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani ukaulize kipimo cha floridi cha kisima chenu. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana, na huenda chenu ni salama, pesa ya tanki ikaenda kwingine.

Nitakwenda haraka kwenye jiko, ingawa moto ndio unaotisha kuliko vyote hapa. Mafiga matatu sakafuni yako katika kimo cha anayetambaa, na sufuria ya uji iko usawa wa mkono wake. Inua jiko. Tofali na udongo vinatosha kujenga meza ya kimo cha kiuno yenye sehemu ya kuni chini na bomba la moshi linalotoka juu ya paa. Mama ataacha kuinama, mtoto ataacha kufikia. Mlango wa jikoni uwe wa nusu, mbao za chini tu, hewa na macho vipite lakini mtoto asipite. Serikali imeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na gesi imefika hadi maduka ya vijijini. Lakini nyumba nyingi bado zitachoma kuni na mabua ya alizeti kwa miaka, na mabua hayo huwaka kwa fujo na moshi mwingi. Dirisha jikoni lipasuliwe juu, mkabala na mlango. Mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda, wala dawa ya kupulizia shambani isikae chini ya kitanda: pigilia rafu moja juu ya renta, iwe ndiyo nyumba ya sumu zote. Mtoto akiungua, maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha zahanati. Dawa ya meno haiponyi moto.

Msomaji wa Mtwara au Tabora atauliza mbona sijaanza na mbu. Kwa sababu Singida malaria si kali kama huko, na kitabu kinachoshauri nyumba zote kwa namna moja hakimshauri yeyote. Chandarua kitundikwe, wavu wa dirishani uwekwe pesa ikiwepo. Mtwara ndiko zilikojengwa nyumba 110 za majaribio, za ghorofa, zenye kuta za wavu zinazopitisha hewa, sakafu ya kuoshwa, matanki ya mvua na jiko lisilojaza moshi, na watoto waliokaa humo waliugua malaria, kuhara na magonjwa ya kifua mara chache kuliko wenzao wa nyumba za kawaida. Tazama kilichomo katika orodha hiyo zaidi ya wavu.

Choo kimesemwa sana, tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliyokusanya watu wazima karibu milioni mbili kwenye vikundi vya redio, mpaka Nyumba ni Choo ya juzi. Kinachosahaulika ni kwamba vyoo vya kampeni huchimbwa kwa miguu ya mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu anaogopa kutumbukia, na ana haki. Tundu lake liwe dogo kuliko mwili wake, au liwekwe sahani ya choo aina ya SATO yenye kifuniko kinachojifunga, na kibuyu chirizi kitundikwe mahali mkono wake unafika.

Rangi nayo ina neno lake. Rangi za mafuta zinazong'aa, hasa nyekundu na njano, ndizo zilizokuwa na historia ya kutiwa madini ya risasi, na shirika la AGENDA lilipopima rangi zinazouzwa Tanzania liliikuta katika baadhi yake. Risasi inaharibu ubongo unaokua. Kitanda cha mtoto na milango anayoitafuna vipakwe rangi ambayo kopo lake linasema haina risasi, au visipakwe kabisa. Mlango wa chuma wenyewe, kwa upepo wa Singida, ufungiwe kipande cha kandambili kuukuu kwenye fremu: vidole vingi vya watoto vimebanwa hivyo.

Mpangilio wangu wa pesa, kwa anayeutaka, ni huu: chumba cha mtoto kimwagwe jamvi msimu huu. Jiko liinuliwe na rafu ya sumu ipigwe wiki hiyohiyo, maana hazigharimu kitu zaidi ya tofali chache na jasho. Banda la kuku lifuate. Gata na tanki viwe tayari kabla ya Desemba ikiwa kisima kimepimwa na kuonekana kibaya. Dari baadaye. Bati la rangi siku mtoto wa mwisho akimaliza darasa la saba. Fundi atakwambia nyumba itaonekana haijaisha. Mkubalie, kisha mwonyeshe moramu ilipo.

Wapo wasioweza kumwagiza fundi chochote, kwa sababu nyumba si yao. Majengo, Minga na Misuna, mjini Singida, familia changa nyingi zinaishi chumba kimoja cha kupanga, na mpangaji hatamwaga zege kwenye nyumba ya mwingine. Anachoweza ni mkeka, chandarua na rafu. Yaliyobaki yako mikononi mwa mwenye nyumba. Wewe unayesoma hapa na una vyumba vya kupangisha: mifuko mitano kwa chumba, na gata moja upande wa uani, kabla ya kupandisha kodi ijayo.